Saumu Haina Mlinzi: Ramadhani ya 2020 katika Uwanda wa Ufipa

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1441 wa Hijra uliandama mwishoni mwa Aprili 2020, mfungo ukaanza Ijumaa ya tarehe 24 kwa wale waliofuata mwandamo wa Makka na Jumamosi ya tarehe 25 kwa wale waliongoja kuuona katika anga la nchi yao wenyewe, nao ulizikuta nchi nyingi za dunia milango imefungwa kwa sababu ya korona, masoko yamepoa, na misikiti haina sauti ila ya mwadhini anayewaita watu waliokwisha kukatazwa kuja. Makka kwenyewe, mahali ambapo kila mwaka umati husongamana hata mtu akakosa pa kuweka kipaji chake, tarawehe iliswaliwa rakaa kumi badala ya ishirini, na nyuma ya imamu hawakuwapo ila watumishi wa Msikiti Mtukufu. Oman ilikuwa imefunga misikiti yake tangu Machi. Kenya, amri ya kutotoka nje tangu saa 1 jioni hata saa 11 alfajiri iliikata njia ya tarawehe, na tarehe 6 Mei, mfungo ukikaribia nusu, ilitolewa amri ya kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa, mtu asiingie wala asitoke.

Tanzania ilishika njia yake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, tarehe 16 Machi, na shule zikafungwa siku iliyofuata; tarehe 18 Zanzibar nayo ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Lakini nyumba za ibada hazikufungwa: Rais John Magufuli alishikilia kwamba huo ndio wakati wa watu kumwelekea Mungu kuliko wakati mwingine wowote, akaliomba taifa lisali kwa siku tatu, tangu Aprili 17 hata 19. Ilipofika Aprili 29, mfungo haujatimiza juma moja, jumla ya wagonjwa 480 ilitangazwa, na muda si muda baada ya hapo takwimu za taifa zikakoma, zisisikike tena kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo Mwislamu wa Tanzania Bara alifunga mwezi ule karibu wote pasipo amri ya kumzuia kwenda msikitini, na pasipo hesabu ya kumwambia kama ni salama kwenda.

Hapo ndipo penye ajabu ya Ramadhani ile, nayo ndiyo niliyokusudia kuieleza: kwamba tahadhari ya maradhi, ambayo kwingineko ililindwa na polisi, kwetu iliwekwa mahali palepale ilipowekwa saumu yenyewe, yaani katika dhamiri ya mtu na ndani ya kuta za nyumba yake. Saumu haina mlinzi. Anayeswali huonekana akirukuu, anayehiji huagwa na kupokewa kwa shangwe, na anayetoa zaka yuko anayeipokea; lakini aliyefunga na asiyefunga wakipita njia moja hakuna awezaye kuwapambanua, na mtu akitaka kunywa maji chumbani mwake, komeo limetiwa, hapana wa kumshitaki ila Muumba wake. Ndiyo maana wanazuoni wakaihesabu saumu kuwa ibada iliyo mbali kabisa na ria. Mwaka 2020 kunawa, kukaa mbali na wenzako, kumwepusha mzee na mkusanyiko na kujizuia kutoka nje ukiona homa yalikuwa mambo ya namna hiyohiyo: aliyeyatimiza aliyatimiza kwa amana, na aliyeyaacha hakuulizwa na mtu.

Nimechagua kulitazama jambo hili kutoka Ufipa, wala si kutoka pwani, kwa sababu ya hali ya Waislamu wa huko. Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka mjini ukashika njia ya kusini iendayo Matai na bandari ya Kasanga, unaingia Wilaya ya Kalambo, ambamo imo Msanzi, kata ya wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Ni nchi ya Kikatoliki. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe, walikishika kituo cha Karema kandokando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka huko wakaingia Ufipa wakajenga parokia zao, hata leo kengele ya kanisa ndiyo inayowapa watu wengi majira ya siku. Uislamu nao si mgeni, kwani misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita ukingo wa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, na baadaye wakaja wachuuzi, madereva, watumishi wa serikali na wavuvi. Lakini Waislamu ni wachache, na wametawanyika.

Katika miji ya pwani Ramadhani huonekana kwa macho na kusikika kwa masikio: mchana mahoteli hufunga milango au huitundikia mapazia, alasiri huvuma harufu ya vitumbua na kaimati, na usiku watu hukaa barazani hata wakati wa daku. Katika Ufipa hakuna kinachosimama. Kilabu cha pombe kiko wazi, mama ntilie anapakua wali saa 7 mchana, gulio linaendelea, na mtu aliyefunga hupita katikati ya hayo yote bila kuwalaumu wenye kula, maana hawakufaradhishiwa. Kwa hiyo Ramadhani ya mtu wa huku tangu zamani imekuwa ya ndani: huanzia jikoni, hukaa sebuleni, na huishia kitandani. Mwaka ule ulimwengu mzima wa Kiislamu ulipohamishiwa nyumbani, Mwislamu wa Ufipa alihamishiwa mahali alipokuwa akiishi siku zote.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba hakupoteza kitu. Msikiti mdogo wa wachache una thamani ambayo msikiti mkubwa wa wengi haunayo, kwa kuwa ndipo mahali pekee wanapoonana. Watu elfu wakikosa kuonana kwa mwezi mmoja hubaki elfu. Watu ishirini wakikosa kuonana, kila mmoja hujihisi kwamba amebaki peke yake. Kwa hiyo wapo waliokwenda, wakanawa kwa maji tiririka na sabuni mlangoni, wakatandika kila mtu mswala wake, wakasimama wameachana nafasi katika safu ambazo walifundishwa tangu utotoni kuzibana bega kwa bega. Na wapo waliobaki nyumbani, hasa wenye wazee, wenye kisukari na wenye pumu ndani ya nyumba. Wala mmoja hakumkufurisha mwenzake. Katika nchi isiyotoa amri, uamuzi ulikuwa wa mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba aliyebaki nyumbani alikutana kwanza na suala la wakati. Msikiti ukiwa jirani, mtu hafikiri: mwadhini huliangalia jua, naye hufuturu kwa sauti yake. Lakini aliyejifungia ndani aliitegemea redio, na redio inayosikika sana Ufipa ni ile inayosema kutoka Dar es Salaam. Sumbawanga iko karibu nyuzi nane za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, na kila nyuzi moja ni dakika nne za mwendo wa jua; kwa hiyo siku hizo za mwisho wa Aprili, wakati swala ya magharibi iliingia Dar es Salaam saa 12 na robo hivi jioni, jua la Ufipa lilikuwa bado linamulika mabati, likangoja mpaka saa 1 kasorobo ndipo litue. Saa ni moja kwa nchi nzima, walakini jua si moja. Aliyeweka tende kinywani kwa adhana ya redio alikuwa amekula mchana, na siku ile imempasa kuilipa.

Jambo hili wenyeji wanalijua sana, hata jirani asiyefunga hulijua kwa kulishuhudia kila mwaka. Utamsikia mama wa Kikatoliki akiuliza kutoka upande wa pili wa ua wa matete, huku naye akipepeta maharage yake:

“Mama, redio imekwisha kuadhini, mbona bado hamjala?”

“Hiyo ni ya Dar es Salaam, dada. Jua la kwetu si hilo unaliona?”

“Basi poleni. Hao wenzenu wanashiba mapema.”

“Wanashiba mapema, lakini na daku wanaikosa mapema.”

Na kweli ndivyo, kwa kuwa alfajiri nayo hutangulia kuingia pwani kwa nusu saa ileile, na mla daku wa Ufipa, akiijua hesabu yake, huendelea kula wakati wenzake wa pwani wamekwisha kutia nia.

Futari yenyewe haikuwa ya kuigiza. Nazi haioti uwandani, na ikifika imechoka na bei yake imepanda. Mahali pa tui pana karanga zilizotwangwa, zikatiwa katika mboga au katika viazi vitamu vilivyochemshwa hata vikavunjika. Kinachotangulia ni uji wa ulezi, mwekundu na mzito, unaotiwa sukari na ndimu, kisha maharage, kisha ugali kwa dagaa au mgebuka aliyepanda kutoka ziwani. Mei ni mwezi ambao mvua imekwisha na baridi inaingia, baridi ambayo hukomaa Juni na Julai. Kwa hiyo kiu ya mfungaji wa Ufipa ni ndogo kuliko ya mwenzake wa Tanga au Lindi, ila njaa yake ni kali, na maji ya udhu wa alfajiri huuma vidole. Jivu la jioni huachwa lifunike makaa, ili mwenye kuamka kwanza apate moto wa kupasha birika.

Kisha, baada ya isha, inayoingia huku karibu na saa 2 usiku, huja tarawehe, na hapa ndipo nyumba nyingi zilipopimwa. Baba ambaye maisha yake yote amekuwa maamuma, akisimama katika safu na kuitikia amina, alijikuta usiku mmoja hana wa kumsimamia mbele. Kwanza ilipasa kibla kitafutwe, maana si kila nyumba imejengwa ikikabili upande wake. Na kibla cha Ufipa ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Meza ikasogezwa, mkeka ukatandikwa kwa mshazari kutoka pembe ya kabati hadi mlangoni, na baba akasimama mbele, mtoto wa kiume kuliani kwake akirudi nyuma kidogo, mama na mabinti safu ya nyuma. Akasoma sura anazozijua, nazo ni fupi na ni chache, hata katika rakaa ya nane akarudia ile ya rakaa ya kwanza. Wala swala haikuharibika kwa hilo. Katika nyumba nyingine aliyejua zaidi alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu, aliyeletwa nyumbani na kufungwa kwa shule naye ana juzuu Amma kifuani. Basi baba yake akarudi nyuma akamtanguliza, kwa sababu fikihi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hizi, haimzuii mtoto mwenye akili ya kupambanua asiwe imamu.

Wako waliohofu kwamba swala ya namna hii ni ya upungufu, kana kwamba sebule imeiazima tarawehe kutoka msikitini na italazimika kuirudisha. Historia inasema kinyume. Mtume Muhammad aliiswali swala ile msikitini masiku machache tu, watu wakamkusanyikia nyuma yake. Kisha akajizuia kutoka, akiwaeleza kwamba alichelea isije ikafaradhishwa juu yao, akawahimiza waziswali swala zao za sunna majumbani. Hali ikabaki hivyo hata zama za Khalifa Umar, ambaye ndiye aliyewakusanya watu nyuma ya msomaji mmoja, Ubayy bin Kaab. Imepokewa pia kwamba Bibi Aisha aliswalishwa katika Ramadhani na mtumwa wake Dhakwan, aliyekuwa akisoma kwa kuutazama msahafu. Basi aliyeshika msahafu mkononi sebuleni kwake Sumbawanga mwaka 2020, kwa kuwa hifadhi yake ni haba, hakubuni kitu.

Hata kuhusu maradhi yenyewe Waislamu walikuwa na urithi wa kutosha, laiti wangaliukumbuka wote. Mwaka 18 wa Hijra tauni ya Amwas iliingia Sham. Umar, akiwa njiani kwenda huko, alipata habari akiwa Sargh, akashauriana na wenzake kisha akageuza msafara, na Abu Ubaida, kiongozi wa majeshi ya huko, alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Ndipo Abdulrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Abu Ubaida alikufa kwa tauni ile. Na Amr bin al-As, alipopewa uongozi, aliwaamuru watu watawanyike milimani. Kutengana kwa ajili ya afya, kwa hiyo, si desturi iliyoletwa na madaktari wa karne hii, bali ni sunna ya masahaba. Na uwanda huu nao una kumbukumbu yake ya maradhi: Novemba 25, 1918, jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, kisha askari na wapagazi wakateremshwa Kasanga wapande meli kwenda Kigoma, wakati uleule homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia ilipokuwa ikiwapukutisha.

Dawa ya kienyeji nayo ilikuwa na mahali pake. Nchi nzima ilikuwa ikijifukiza: majani ya mkaratusi, mti usio na uhaba Ufipa, mchaichai, tangawizi na malimau yakachemshwa katika sufuria, na mtu akajifunika blanketi juu ya mvuke hata jasho likamtiririka. Mfungaji akauliza kama mvuke uingiao puani na kooni unaharibu saumu. Majibu ya mashehe yalitofautiana, na watu wa kawaida wakachagua njia isiyo na shaka, wakajifukiza usiku baada ya futari, mmoja baada ya mmoja, blanketi likipokezanwa kitanda kwa kitanda. Kama mvuke ule uliwatibu au haukuwatibu ni jambo la waganga na maabara. La fikihi ni kwamba waliilinda saumu yao hata mahali ambapo hapana aliyewauliza.

Wala haikuwa lazima kila mtu afunge. Sheria imempa ruhusa mgonjwa na msafiri wale siku zao, kisha wazilipe baadaye, na mzee asiyeweza tena, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, atoe fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Ruhusa hii huwa nzito kuitumia mbele ya watu, kwa kuwa mzee aliyefunga miaka hamsini huona haya kuonekana akinywa uji saa 4 asubuhi. Nyumba ya mwaka ule, kwa kuwa haikuwa na wageni wa kuingia na kutoka, ilimsitiri. Na huenda wako wazee waliokula dawa zao kwa wakati mwezi ule kwa sababu hapakuwa na macho ya kuwatazama.

Lakini yako yasiyohamishika. Ijumaa haiswaliwi sebuleni. Aliyeikosa huswali adhuhuri rakaa nne, na rakaa nne hizo hazina hotuba wala hazina kushikana mikono. Itikafu ya kumi la mwisho, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, haisihi kwa mwanamume ila msikitini, na aliyezoea kuutafuta usiku wa cheo akiwa amejitenga na dunia alilazimika kuutafuta huku watoto wakikoroma upande wa pili wa pazia. Na mazishi yalikuwa mazito kuliko yote, pale maiti alipozikwa na watu wachache, na jamaa walio mbali wakaambiwa wabaki walipo wasome dua. Hasara hizi zilikuwa hasara kweli, na mwandishi anayezipamba ili zionekane faida anawadhulumu waliozibeba.

Iddi iliangukia Jumapili, Mei 24. Kabla ya swala yake ilipasa zaka ya fitiri itoke, nayo ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila nafsi ya nyumbani, hata mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la mwezi kuchwa. Na hutolewa katika chakula kinacholiwa na watu wa nchi. Katika Ufipa chakula hicho ni mahindi. Wakulima walikuwa wanaanza kuvuna, na pishi la mahindi mapya likapimwa uani, likatiwa mfukoni, likapelekwa mkono kwa mkono, kwa mjane huyu na kwa mchukuzi yule, bila kungoja watu wakusanyike mahali pamoja. Shule zilifunguliwa mwishoni mwa Juni, na watoto waliokuwa maimamu wa sebule wakarudi madarasani.

Kwangu mimi funzo la mwezi ule haliko katika kusema kwamba nyumba inatosha, kwa maana haitoshi. Liko katika swali ambalo kila kamati ya msikiti na kila madrasa, katika Msanzi kama katika Mombasa, ingefaa ijiulize: maradhi mengine yakija, je, kila nyumba inaye mmoja awezaye kusimama mbele? Akijue kibla cha nyumba yake, aijue saa ya jua la kwao, awe na sura za kutosha rakaa nane, aijue ruhusa ya mgonjwa na kipimo cha fidia, na awe na ujasiri wa kumwambia baba yake mzee abaki ndani. Elimu hiyo si ya mashehe peke yao, na haichukui miaka kuisoma. Tumezoea kuwaachia wachache watusimamie dini, kama tulivyozoea kuiachia serikali itusimamie afya. Na Ramadhani ya 2020 ilituonyesha, katika nchi ambayo serikali ilinyamaza na msikiti ukaacha mlango wazi, kwamba mwisho wa yote mzigo huurudia mgongo wa mwenye nyumba, awe amejiandaa au hakujiandaa.